Ukienda Jura, lala hata siku mbili

Kila mtu akiniuliza aende wapi Ufaransa kuonja mvinyo anataja mwenyewe Bordeaux, na mimi nawaambia jamani jaribuni Jura. Iko mashariki, jirani na Uswisi, vilima, misitu kila upande, na vijiji ambavyo mchana unasikia kengele za ng'ombe tu.

Nilifikia Arbois, mji mdogo alikokulia mwanasayansi Louis Pasteur, na treni inafika kabisa. Kosa nililofanya ni kupanga siku moja, nikafika saa sita na nusu mchana nikakuta kila mlango umefungwa kwa sababu huko watu wanaenda kula na hawana haraka ya kurudi. Na wengi wanaouza mvinyo ndo wakulima wenyewe, wako shambani, sasa nani akufungulie? Piga simu siku mbili kabla, maana unaenda nyumbani kwa mtu.

Kesho yake nilikuwa na miadi. Mama mmoja, buti zimejaa tope, alitushusha chini kwenye mapipa, akatoa kizibo cha pipa moja akamulika na tochi, nikaona utando mweupe umetanda juu kama ule wa maziwa yaliyopoa. Hiyo ni hamira yenyewe. Ndo mvinyo wao wa njano, vin jaune, wa zabibu za savagnin, unakaa kama miaka 6 na miezi 3 na pipa haliongezwi kitu hata likipungua, ule utando ndo unaulinda na hewa. Chupa yake nayo ni fupi nene, sentilita 62.

Aisee mdomo wa kwanza nilijua umeharibika, unanukia karanga za kukaanga na bizari kwa mbali, halafu mkavu kweli. Usiuache hapo! Kula kipande cha jibini la Comté kisha rudia, utashangaa vinavyopatana. Ila usiunywe wa baridi sana, na chupa ifunguliwe masaa kadhaa kabla. Usishangae pia wakikuanzishia mwekundu kabla ya mweupe, ndo utaratibu wao, poulsard, mwekundu wao, ni nyepesi, rangi kama rozela iliyoongezwa maji.

Kama unaendesha gari, tema, ndoo ipo na hakuna anayekasirika.

Mchana ule wa milango kufungwa peleka miguu msituni. Kutoka Arbois siyo mbali hadi Les Planches, mto Cuisance unatoka kwenye mwamba halafu unashuka kwa ngazi ngazi za mawe ambayo maji yenyewe yameyajenga kwa chokaa, kijani kitupu, kivuli, hewa ya baridi inakupiga usoni. Vaa viatu vyenye meno, kuvu la kwenye mawe linateleza vibaya, mimi nilikuwa na raba laini nikashuka kwa makalio. Ukipata siku ya tatu nenda Baume-les-Messieurs, abasia ya zamani, yaani nyumba ya watawa, chini ya majabali marefu.

Mwanzoni mwa Februari wana sherehe ya kufungua mvinyo wa njano na watu wanajaa sana, kwa hiyo anayetafuta utulivu achague muda mwingine.

Chupa ya kwenda nayo nyumbani nunua moja tu, ni ghali lakini ikishafunguliwa haiharibiki upesi. Yangu niliifungua Pasaka, glasi mbili zikaingia kwenye sufuria ya kuku na krimu, na mchuzi wote uliisha kwa mkate.