Usimuulize Mama Kama Ana Tezi

Wiki yangu ya kwanza kliniki ya wajawazito nilimuuliza mama mmoja, kalamu mkononi, "Una ugonjwa wa tezi?" Akacheka mpaka akashika tumbo. "Nesi, tezi si ya wanaume?" Benchi zima likacheka naye. Nikaandika "hapana" kwenye kadi, nikaita anayefuata.

Kicheko kile kilikuwa halali. Mtaani ukisema tezi, watu wanasikia tezi dume. Tezi ya thairoidi, hii iliyokaa mbele ya koo mfano wa kipepeo, haina jina ambalo mama atalidaka haraka. Ikivimba analo jina: rovu, goita, au uvimbe wa shingo. Isipovimba hana neno, na ndiyo maana ninyi mnaoanza kazi mwaka huu nawaambia swali hilo mlizungushe. Muulize kuna dawa gani alikuwa anameza kila siku kabla ya mimba, hata kama ameiacha. Wengi huiacha wiki ileile wanapojua wamepata ujauzito, wakiamini wanamlinda mtoto. Kwa dawa ya thairoidi iliyolala, yaani inayofanya kazi chini ya kiwango, wanakuwa wamemnyima mtoto kile anachokihitaji zaidi.

Neno jingine la mtego ni "kupasuliwa". Kliniki ya wajawazito neno hilo lina maana moja tu, kuzaa kwa upasuaji. Mama mwenye kovu la shingoni aliniambia hajawahi kupasuliwa, na hakunidanganya. Kovu nililiona aliposogeza mtandio ajipepee. Tangu siku hiyo namwomba kila mama alegeze mtandio, ainue kidevu kidogo, anywe funda la maji. Tezi hupanda na kushuka na kumeza. Uvimbe unaopanda pamoja na funda, andika. Kazi hiyo haimalizi dakika moja na haina gharama, ila glasi ya maji tu.

Kwa nini tuhangaike mapema? Mtoto tumboni huanza kutengeneza homoni zake za thairoidi karibu na wiki ya 12, na hawezi kujitegemea vya kutosha mpaka wiki ya 18 hadi 20 hivi. Kabla ya hapo ubongo wake unajengwa kwa homoni ya mama. Sasa hesabu mwenyewe: mama akija hudhurio la kwanza ana miezi mitano, ile sehemu ya utegemezi mkubwa imeshapita. Bado tutamtibu, kwa sababu hatari ya mimba kuharibika, shinikizo la damu na kujifungua njiti haijaisha, lakini tumechelewa. Ndiyo maana anayejulikana ana tatizo hili tunamfuata hata kabla hajabeba mimba, kule kwenye uzazi wa mpango.

Kadi ya kliniki haitakukumbusha. Inakuuliza VVU, kaswende, wingi wa damu, mkojo. TSH, homoni inayoiamrisha tezi na ambayo hupanda tezi ikilala, haimo. Mgeni huniuliza, basi tusiwapime wote? Ni swali zuri, na wakubwa wameligombania kweli. Uingereza na Italia walifanya utafiti wa wajawazito wapatao 22,000, matokeo yakatoka mwaka 2012: watoto wa mama waliopimwa na kutibiwa tezi iliyolala kidogo hawakuwa na akili zaidi, walipofika miaka 3, kuliko wa wale ambao sampuli zao zilihifadhiwa bila kupimwa mpaka baada ya kujifungua. Wanaobisha wanasema matibabu yalianza wiki ya 13, yaani wiki muhimu za mwanzo zilikuwa zimeshapita. Mimi, kwa kliniki ya wilaya ambayo mama analipia kipimo hicho mfukoni, naona busara ni kuchagua. Aliyewahi kuugua au kupasuliwa tezi, aliyepigwa mionzi shingoni, mwenye rovu, mwenye kisukari cha aina ya kwanza, aliyepoteza mimba mara kwa mara au kuhangaika kupata mtoto, mwenye mama au dada mwenye ugonjwa huu, anayemeza lithiamu (dawa ya akili) au amiodaroni (dawa ya moyo): hao usiwaache waondoke bila fomu ya maabara. Uchovu peke yake usikuyumbishe. Mjamzito gani hachoki? Gani hafungi choo?

Sasa kosa langu, ambalo nalisimulia kila mwaka.

Mama mmoja alikuja mapema kabisa, wiki ya 7, akiwa na kopo lake la levothairoksini, dawa ya thairoidi iliyolala, na majibu mazuri. Mgonjwa wa kujivunia. Nikampa vidonge vya kuongeza damu kama kila mtu, nikamwambia, "Mama, meza vyote kwa pamoja asubuhi ukiamka, hutasahau." Akatii. Baada ya wiki nne TSH yake ilikuwa imepanda. Daktari akaongeza dozi. Wiki nne nyingine, bado iko juu. Tukaanza kumtilia shaka kwamba hamezi, na nilimsema kwa sauti ambayo hadi leo sijaisahau. Mfamasia wetu, mtu mzima asiyependa maneno mengi, ndiye aliyemuuliza, "Dawa hii unaimeza saa ngapi, na pamoja na nini?" Akajibu, "Kama nesi alivyonielekeza."

Madini ya chuma huishika levothairoksini tumboni na kuizuia isiingie kwenye damu. Kalsiamu nayo hivyohivyo. Zinatakiwa zipishane saa 4. Tangu hapo agizo langu ni moja: dawa ya thairoidi alfajiri kwa maji matupu, chai na kifungua kinywa visubiri angalau nusu saa, vidonge vya kuongeza damu usiku baada ya chakula. Kwa usiku tunapata faida ya pili, kwani chai ya asubuhi huharibu hata hivyo vidonge vya damu. Ulizia pia uji wa lishe. Tunausifu sana, lakini wenye soya ukinywewa juu ya kidonge unapunguza nguvu yake. Mama wa pwani atakayeamua kufunga Ramadhani, mhamishie dozi usiku, akishakaa kwa muda wa saa 3 au zaidi bila kula, vidonge vya damu vipishane nayo saa 4 vilevile, halafu asiibadilishebadilishe.

Na dozi yenyewe hupanda. Mwili wa mjamzito unahitaji homoni zaidi kuanzia wiki za mwanzo kabisa, kwa kawaida nyongeza ya robo mpaka nusu ya dozi yake ya zamani. Njia inayotumika ni kumwandalia mapema maelekezo ya daktari: siku atakapojua ana mimba, badala ya vidonge 7 kwa wiki ameze 9, siku mbili akimeza viwili viwili, kisha aje apimwe. TSH hurudiwa kila wiki 4 mpaka katikati ya mimba, na mara moja tena karibu na wiki ya 30. Lengo ni ibaki chini ya 2.5. Akijifungua anarudi dozi ya kabla ya mimba, anapimwa tena baada ya wiki 6.

Tatizo la upande wa pili ni namba iliyo chini. Homoni ya mimba, ileile inayochora mistari miwili kwenye kipimo cha mkojo, inafanana na TSH kiasi kwamba inaisukuma tezi yenyewe. Tezi ikisukumwa, TSH inashuka. Hali hiyo hushamiri karibu na wiki ya 10, na kwa mwenye mapacha au mimba zabibu (mimba isiyo ya kawaida, kondo linapoota kama vichane vya zabibu) TSH hushuka zaidi. Kwa hiyo mama wa wiki ya 10 anayetapika kupindukia, moyo unamdunda, TSH karibu na sifuri, anaweza kuwa hana ugonjwa wowote wa tezi. Anahitaji maji, dawa ya kutapika, ultrasaundi na subira. Tafuta dalili za tezi iliyozidi kazi kweli: rovu, macho yaliyotoka, kukonda na kutetemeka kulikoanza kabla ya mimba. Ukiziona, rufaa, tena haraka. Kabimazoli, dawa ya kutuliza tezi, katika miezi mitatu ya kwanza inaweza kumlemaza mtoto, propilthayourasili inayotumika badala yake inaweza kudhuru ini la mama, na kati ya hizo mbili mwamuzi asiwe wewe wala mimi.

Fomu ya maabara andika wiki za mimba kwa herufi kubwa. Karatasi ya majibu huchapishwa na viwango vya mtu asiye mjamzito. Zamani tuliambiwa TSH ya juu ya 2.5 miezi mitatu ya kwanza ni ugonjwa. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2017 ulilegeza hadi takriban 4 kwa mahali pasipo na viwango vyake. Muulize pia kama anameza vidonge vya nywele na kucha. Vingi vina bayotini, aina ya vitamini, nayo huzidanganya baadhi ya mashine za maabara.

Chumvi. Tezi hutengeneza homoni zake kwa madini joto, na mjamzito anahitaji mikrogramu 250 za madini hayo kwa siku, mtu mzima mwingine 150. Nyanda za Juu Kusini wazee wanakumbuka rovu zilivyokuwa nyingi, na kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, huko Kongo, kilifahamika kwa kukosa madini hayo huku watu wakila muhogo mwingi usioandaliwa vizuri. Wewe muulize mama ananunua chumvi ya pakiti au ya kupimiwa kwa kopo, na anaihifadhi wapi. Iliyoachwa wazi juani au kando ya jiko hupoteza madini yake.

Akishajifungua usimfute kwenye daftari lako. Katika mwaka wa kwanza tezi ya baadhi ya akina mama huvimba kimyakimya: kwanza inamwaga homoni, mama anakonda na hapati usingizi, kisha inazimika, anakuwa mzito, baridi inamtesa, analia ovyo. Nyumbani wanasema ni mtoto anamchosha, au amedeka. Wengine hutibiwa sonona peke yake. Hudhurio zetu zinakuwa zimekwisha, lakini mtoto analetwa chanjo ya surua ya miezi 9. Ninapomaliza kumchoma mtoto huwa namgeukia mama. "Na wewe, mama, mwili unakwendaje?" Mwaka jana mmoja alinitazama muda mrefu kabla ya kujibu. "Nesi, tangu nizae wewe ndiye wa kwanza kuniuliza." Nikamwomba alegeze mtandio.