Maswali na majibu: sikukuu za ukweni Korea, na siku za kawaida zinazofuata

Seollal, mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, mwaka 2026 inaangukia 17 Februari. Chuseok, sikukuu ya mavuno ya siku ya 15 ya mwezi wa nane kwa kalenda hiyohiyo, itakuwa 25 Septemba. Kila moja ina siku tatu za mapumziko: ya kabla, yenyewe na ya baada. Maswali ya mara hii yametoka kwa Waswahili waliooa, walioolewa au wanaosoma Korea Kusini.

Nimeolewa na Mkorea, tunaishi Incheon. Seollal hii nitalala kwa mama mkwe Gwangju kwa mara ya kwanza. Nifike lini, na nibebe nini?

Fika siku ya kabla, na kabla ya adhuhuri. Sikukuu yenyewe huanza asubuhi mapema kwa charye, tambiko la wahenga wa ukoo, na vyakula vyake karibu vyote hupikwa mchana wa siku ya kabla. Mkwe anayetokea jioni, mafuta yameshapoa na vyombo vimeshaoshwa, haambiwi neno. Lakini wifi zake wamekaa sakafuni tangu asubuhi wakikaanga, na hilo halisahauliki upesi.

Usafiri ndio unaowaangusha wengi. Tiketi za treni za siku hizi haziuzwi kama za kawaida. Korail, shirika la reli, hufungua mauzo maalumu wiki kadhaa kabla, kwa siku zilizotangazwa, na njia kubwa huisha ndani ya dakika chache. Mwambie mumeo aangalie tarehe hizo mapema, kisha muingie wote wawili, kila mtu na simu yake. Mkikosa, jaribuni mabasi ya mikoani, kisha gari. KTX, treni ya kasi, kutoka Seoul hadi Gwangju ni mwendo wa saa mbili hivi. Kwa barabara, mkesha wa sikukuu, safari ya kawaida ya saa tatu na nusu inaweza kuongezeka mara mbili. Mkienda kwa gari, ondokeni kabla ya alfajiri.

Zawadi: boksi la mapeasi makubwa ya Kikorea au matufaha halimkosei mtu. Nyama ya ng'ombe wa kienyeji, hanwoo, ina heshima zaidi na bei yake inauma. Seti za makopo, mafuta ya kupikia au sabuni hutolewa zaidi kazini na kwa majirani. Toa kwa mikono miwili, na usishangae ikiwekwa kando bila kufunguliwa mbele yako, maana ndiyo adabu.

Weka pia kwenye begi soksi safi zisizotoboka. Viatu vinabaki mlangoni, na mbele ya wazee miguu mitupu haipendezi. Beba aproni yako. Ukiivaa bila kuambiwa, umeshaongea mengi kuliko Kikorea chako kinavyoweza.

Mwaka jana nilipewa kazi ya kukaanga jeon. Yai lilibanduka, vipande vikabaki uchi. Nilikosea wapi?

Maji. Jeon ni vipande vyembamba vya mboga, samaki au nyama vinavyopakwa unga na yai, na adui wake ni unyevu. Tuchukue ya hobak, aina ya mumunye changa inayofanana na zukini, maana ndiyo wageni hupewa kwanza.

Kata vipande vya duara vyenye unene wa nusu sentimita. Vipange kwenye sinia, nyunyiza chumvi kidogo, subiri dakika kumi. Utaona matone ya maji juu yake. Yafute yote kwa karatasi ya jikoni, pande zote mbili. Hapa ndipo watu huruka hatua, na hapa ndipo yai linapopotea. Kisha pitisha kila kipande kwenye unga wa ngano na ukikung'ute mpaka ubaki utando tu. Unga ukiwa mwingi, unageuka gamba linalotoka na yai lake. Piga mayai na chumvi kidogo bila kuyatoa povu, chovya, acha yachuruzike kidogo, weka kikaangoni.

Moto uwe wa chini kuelekea wa kati, mafuta ya kufunika sakafu ya kikaango tu. Jeon nzuri hubaki ya njano, na kahawia ni dalili ya moto mkali. Geuza mara moja tu, ukingo unaposhika. Kila baada ya mizunguko miwili futa makombo ya yai kikaangoni, la sivyo yataungua na kuchafua vipande vinavyofuata. Vikitoka, vipange kwenye ungo bila kulaliana, maana mvuke ukinaswa katikati huvilainisha na yai likabanduka.

Jambo moja zaidi. Vipande vyenye umbo zuri hutengwa kwa ajili ya meza ya wahenga. Vilivyovunjika ndivyo vya kuonja. Usinyooshe mkono kwenye ungo kabla hujaona wenzako wanaonja kutoka wapi.

Na kama kazi hii inawachosha wanawake wa nyumba hiyo kila mwaka, mumeo anayo hoja ya kumpelekea baba yake. Septemba 2022 Sungkyunkwan, taasisi kongwe ya Wakonfusio, ilitoa mwongozo wa meza ya charye iliyorahisishwa, ikasema wazi kwamba vyakula vya kukaanga si vya lazima. Hoja hiyo aitoe yeye, wewe ukae kimya.

Sebae inafanywaje? Mikono ipi juu?

Sebae ni kuinama hadi sakafuni kwa wazee asubuhi ya Seollal. Mwanamume huweka mkono wa kushoto juu ya wa kulia, mwanamke wa kulia juu ya wa kushoto. Msibani mpangilio hugeuzwa, ndiyo maana wazee hutazama mikono kabla ya kitu kingine.

Mwanamume: simama wima, mikono imekutana mbele ya tumbo. Ishushe hadi sakafuni, piga goti la kushoto, kisha la kulia, inama mpaka paji la uso likaribie mikono. Tulia kidogo, halafu inuka kwa kuanza na goti la kulia. Mwanamke, kwa namna nyepesi inayotumika majumbani: shusha mikono pembeni, piga goti la kushoto kisha la kulia, keti juu ya visigino, weka viganja sakafuni kando ya magoti na uinamishe mgongo na kichwa pamoja. Ukivaa hanbok, vazi la asili la Kikorea, sogeza sketi kwa mbele kabla ya kupiga goti, la sivyo utaikanyaga wakati wa kuinuka.

Kwa walio hai ni mara moja tu. Kuinama mara mbili ni kwa marehemu, na mgeni aliyeiga alichoona kwenye tambiko kisha akamwinamia bibi mara mbili huacha chumba kizima kimeduwaa. Mke na mume huinama pamoja, wakianza na wakubwa kabisa. Ukimaliza keti, mzee aseme kwanza maneno yake ya heri. "Saehae bok mani badeuseyo", yaani upate heri nyingi mwaka mpya, inatosha kwako.

Mimi ni Mwislamu kutoka Mombasa, nimeoa Busan. Nakula nini, na nifanyeje wakati wa tambiko?

Maneno yote yasemwe na mkeo wiki moja kabla, kwa simu, kwa mama yake. Si mezani. Mama mkwe wa Kikorea akiona mkwe hagusi chakula chake, hufikiri kwanza kwamba hakikupikwa vizuri.

Nguruwe hujificha kwenye mandu (vifurushi vya unga vilivyojazwa nyama na mboga), kwenye vidonge vya jeon vya nyama ya kusaga na tofu, na kwenye nyama za makopo za zawadi. Pombe ya kupikia huingia kwenye viungo vya kulowekea galbi, yaani mbavu. Ombeni vipande vyako vya samaki na mboga vikaangwe kwanza, kikaango na mafuta vikiwa vipya, kabla ya nyama kupita. Japchae, tambi za viazi vitamu, viungo vyake hupikwa kimoja kimoja na kuchanganywa mwishoni, kwa hiyo ni rahisi kukutengea sehemu kabla nyama haijatiwa. Tteokguk, supu ya vipande vya keki ya mchele, mara nyingi ni ya ng'ombe, lakini pwani ya kusini hupikwa pia kwa chaza au dagaa wakavu. Kwa kuwa mko Busan, ombi hilo halitamshangaza mtu. Au nunua nyama halali mapema na umpelekee yeye aipike. Inapokelewa vizuri kuliko kuja na chakula chako mfukoni. Seoul maduka yake yapo Itaewon, karibu na msikiti mkuu uliofunguliwa 1976.

Baada ya tambiko, pombe iliyotolewa kwa wahenga hunywewa na familia. Mwombe mkeo akutayarishie sikhye, kinywaji kitamu cha wali na kimea kisicho na kilevi, uwe na kitu mkononi.

Kuinamia wahenga hulazimiki. Wakorea wenyewe wamelizungumza hili kwa muda mrefu: Waprotestanti wengi hufanya ibada ya kumbukumbu badala yake, na Wakatoliki waliruhusiwa na Vatikani kushiriki mwaka 1939. Simama nyuma, kimya, kichwa kimeinama kidogo, kisha uwe wa kwanza kubeba sinia meza inapoondolewa. Tunashauri hivi kwa moyo wote: usiondoke chumbani. Kutoka nje husomeka kama dharau kuliko kutoinama.

Bahasha ya pesa ya Seollal iwe na kiasi gani?

Watoto wa msingi won 10,000, wa sekondari 30,000 hadi 50,000. Wazazi wa mwenzako, ikiwa mna mapato, 100,000 kwenda juu. Noti ziwe mpya. Benki hubadilisha siku chache kabla ya sikukuu, na foleni ni ndefu. Harusini na msibani tumia 30,000, 50,000, 70,000 au 100,000, kamwe si 40,000. Jina lako liandikwe nyuma ya bahasha, chini kushoto.

Wifi na shemeji niwaiteje?

Dada mkubwa wa mume ni hyeongnim, mdogo ni agassi. Kaka mkubwa ni ajubeonim, mdogo asiyeoa ni doryeonnim. Familia nyingi za vijana sasa huita jina na kuongeza ssi, neno la heshima. Mumeo aulize kwao kabla hamjafika. Jina tupu la mtu aliyekuzidi umri ndilo la kuepuka.

Jirani amenigombeza kwa ajili ya taka, mara mbili. Sielewi kanuni.

Tangu 1995 taka za kawaida Korea hutupwa kwa mfuko rasmi unaolipiwa, na mfuko huo ni wa wilaya yako. Wa wilaya jirani haukubaliki, na mfuko wa dukani ni kosa. Faini inaweza kufika won milioni moja. Inauzwa kwenye maduka ya saa 24, ukiomba kaunta na kutaja lita: 5, 10 au 20.

Mabaki ya chakula hutupwa kando. Kipimo kinachotumika ni kama mnyama angeweza kukila. Ukoko wa ugali, maganda ya ndizi na wali uliochacha ni chakula. Kamua maji kwanza. Mifupa, maganda ya mayai, magamba ya chaza na kaa, kokwa za embe, maganda makavu ya vitunguu, magunzi na mifuko ya chai ni taka za kawaida. Tunadhani hapa ndipo jirani alipokukuta, maana mifupa ya kuku kwenye pipa la chakula ndiyo kosa la wageni wengi. Chupa angavu za plastiki huoshwa, hubanduliwa karatasi, hukandamizwa na kuwekwa peke yake.

Siku za sikukuu magari ya taka hupumzika. Soma tangazo kwenye lifti, na usitoe mfuko nje mpaka siku waliyoandika.

Ni mwanafunzi, Chuseok nabaki peke yangu Seoul. Kuna nini?

Kantini ya bweni hufungwa, na mikahawa midogo pia, kwa hiyo nunua mchele, mayai na mboga siku mbili kabla. Maduka ya saa 24 hubaki wazi. Ukiugua, piga 119 kwa dharura, au 129 kuuliza zahanati na duka la dawa lililo zamu. Majumba ya kifalme, Gyeongbokgung likiwemo, kwa kawaida huingiwa bure siku hizi. Na ukialikwa kwa mwenzako wa darasani, nenda. Boksi moja la matunda linatosha.

Tunaondoka siku nne kwenda ukweni, ni baridi kali. Nizime kabisa joto la sakafu?

Usizime. Ondol ni maji ya moto yanayozunguka kwenye mabomba chini ya sakafu, na bomba likiganda likapasuka, gharama yake itazidi gesi ya mwezi mzima. Kitufe cha oechul, yaani cha kutoka nyumbani, kwenye mitambo mingi hulinda boila tu. Kwenye baridi ya chini ya nyuzi sifuri weka silnae, joto la chumba, kwenye nyuzi 15 hivi. Jaza nguo kuukuu kwenye kisanduku cha mita ya maji kilicho koridoni, na acha bomba la jikoni, upande wa maji ya moto, litiririke uzi mwembamba. Mkirudi mkakuta limeganda, tumia kikausha nywele au kitambaa cha uvuguvugu, ukianzia karibu na mdomo wa bomba. Maji yanayochemka hupasua bomba hapo hapo.