Ukienda kusoma Mombasa likizo hii, jifunze kwanza saa za chakula chake

Nyie wenzangu wa Mwanza na kokote kule mnaovuka mpaka mwezi wa sita kwenda Mombasa kwa kozi fupi au fildi, mambo ya nauli na hosteli wengi watawaelekeza, mi nataka kuongelea kula. Nimekaa pale likizo nzima ya chuo, kuanzia Juni mpaka Agosti, na kitu ambacho hakuna mtu aliniambia kabla sijaondoka ni kwamba Mombasa chakula kina saa yake. Yaani kuna kitu kinauzwa asubuhi tu, kingine alasiri, kingine mpaka magharibi iingie, na ukikitafuta nje ya saa yake utakipata kimepoa au usikipate kabisa, alafu unarudi nyumbani unasimulia chipsi kuku. Inaniuma kweli kusikia mtu amekaa Mombasa likizo nzima na hicho ndo alichokula.

Anza na asubuhi, na uamke mapema. Mitaa kama Majengo, Bondeni, Kibokoni huko Old Town, kuna akina mama wanakaa mlangoni kwao na karai la mafuta na sufuria la mbaazi, wanauza mahamri. Usifikirie maandazi yetu. Hamri unga wake unakandwa na tui la nazi na iliki, unaachwa uumuke vizuri, unakatwa pembetatu, na likiiva linafura ndani linabaki na uwazi, we unalipasua unajaza mbaazi za nazi humo humo. Saa moja asubuhi kila kitu ni cha moto, saa tatu mara nyingi sufuria limeshaoshwa. Nenda na bakuli lako lenye mfuniko maana wenyeji wanafanya hivyo, na uwe na sarafu, usimpe mama wa watu noti kubwa asubuhi asubuhi. Chagua mmoja karibu na unapokaa uwe wake wa kila siku. Msalimie vizuri, muulize hali kabla ya kuagiza, Mombasa salamu haikatwi katikati. Wa kwangu alikuwa ananiita mwanangu, na siku nikichelewa kutoka alikuwa ananiwekea yangu pembeni, na ni yeye alinielekeza karibu kila kitu kingine nitakachowaambia hapa.

Kama umepanga chumba kwenye nyumba ya familia, omba kuingia jikoni. Hii ndo sehemu naisisitiza kuliko zote maana hela yoyote utakayotumia hotelini haikupi kile utakachojifunza ukikaa kwenye kibao cha mbuzi ukakuna nazi mwenyewe. Mama mwenye nyumba wangu alinikalisha siku ya mapumziko, nikakuna, akanionyesha kukamua: maji kidogo mara ya kwanza, hilo ni tui zito, linawekwa pembeni, alafu machicha yanaongezwa maji yanakamuliwa tena, hilo ni tui jepesi. Mbaazi zimelowekwa usiku, zimechemshwa mpaka zinapondeka kwa kidole, ndo linaingia tui jepesi na kitunguu na pilipili mbichi na chumvi, zinachemka humo taratibu. Tui zito linakuja mwisho kabisa, na hapo hauondoki jikoni, unakoroga moto mdogo lisije likakatika. Ukishaelewa hilo la mazito na mepesi umeelewa nusu ya chakula cha pwani, maana wali wa nazi, mchicha wa nazi, muhogo wa nazi, maharage, ndizi, vyote vinazungukia hapo hapo. Sisi wa Ziwa tumezoea mchuzi wa nyanya na mafuta, sasa nazi kila siku inaweza kulisumbua tumbo wiki ya kwanza, kwa hiyo anza na kidogo kidogo, usijaze sahani kwa sababu tu ni tamu.

Samaki sasa. Najua wengi mnaenda na matumaini makubwa, na sisi tuliokulia sato na sangara tunajiona tunajua samaki. Lazima mjue kitu kimoja: Juni mpaka Agosti ni wakati wa kusi. Upepo unavuma kutoka kusini, bahari inachafuka, na wavuvi wa ngalawa na mashua ndogo hawatoki kila siku, kwa hiyo samaki wanapungua na bei inapanda. Muuzaji akikutajia bei usiharakishe kuona anakuibia kwa sababu we mgeni, sikiliza kwanza wenyeji wanalipa ngapi. Siku ambayo bahari imetulia na samaki wameingia, tafuta samaki wa kupaka, huyu anachomwa kwanza kwenye makaa alafu anapakwa mchuzi mzito wa nazi wenye ukwaju au ndimu, anarudi kwenye moto kidogo. Changu au tafi kwa wali mweupe wa nazi, jamani. Siku ambazo hakuna samaki kula wanachokula wenyeji siku hizo, kunde, mbaazi, mchicha, ng'onda, yaani samaki waliopasuliwa wakakaushwa. Kuna familia zinapika ng'onda na nazi vizuri kiasi kwamba nilikuwa naomba wapike hata siku samaki wabichi wapo.

Alasiri ndo wakati wa barabarani. Nenda Mama Ngina, wenyeji wengi bado wanapaita Lighthouse, pale kwenye ukingo ambapo meli kubwa zinapita karibu kabisa zikiingia bandari ya Kilindini. Kuna mihogo ya kuchoma na ya kukaanga, wanaipasua wanatia chumvi, pilipili na ndimu, kuna kachri, yaani krispi, kuna mabuyu ya rangi nyekundu yanayopaka mdomo wote. Na madafu. Kwenye dafu sema unataka la aina gani, kuna lenye maji mengi na nyama laini ya kukombwa, na kuna lililoanza kukomaa kuelekea koroma, nyama ngumu. Ukimaliza kunywa mrudishie muuzaji alipasue, atachonga kijiko kwenye ganda lake hilo hilo ule nyama yake, watu wengi wageni nawaona wanatupa na nyama ndani, ni hasara kabisa.

Mitaani saa hizo hizo kuna viazi karai, viazi vya kuchemsha vilivyochovywa kwenye uji wa unga wenye manjano vikakaangwa, unapewa na chatne ya ukwaju. Kula vikitoka kwenye mafuta. Kwa ajili ya tumbo lako hiyo ndo kanuni yangu kwa kila cha barabarani, kinachotoka motoni mbele ya macho yako kula bila wasiwasi, kilichokaa wazi tangu saa nyingi kiache, na maji ya kunywa yawe ya chupa au yaliyochemshwa.

Juisi ziko nyingi, ya ukwaju, ya bungo, ya miwa iliyokamuliwa na tangawizi na ndimu. Ya bungo ni chachu yenye harufu yake kabisa, mi ndo nilipenda kuliko zote na huku kwetu Mwanza sijaiona. Jihadhari na barafu tu kama huijui ilikotoka.

Kuhusu mnazi, yaani tembo la nazi, nasema kwa heshima. Ni kinywaji cha Wamijikenda na kina nafasi yake kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye mazungumzo ya wazee. Mgema anapanda mnazi asubuhi na jioni, na ukigemwa tu unaanza kuchacha wenyewe, kwa hiyo uliotoka kugemwa ni mtamu mpole na uliokaa saa nyingi ni mkali. Ukitaka kuujua nenda na mwenyeji anayeheshimika pale mangweni, ndo mahali pa kunywea, ukae kwa adabu. Ila usiupeleke kwenye nyumba ya Waislamu ulikopanga, hata kama hakuna atakayekwambia kitu.

Ijumaa ni siku ya pekee. Maduka mengi Old Town yanafunga mchana watu wanaenda msikitini, kwa hiyo usipange kuzurura huko saa saba ukitegemea kula. Wakishatoka kuswali nyumba nyingi zinapakua pilau au biriani, na ukialikwa usikatae kwa aibu, kwenda ni kumheshimu mwenyeji. Vaa nguo ya heshima, nawa mikono, kula kwa mkono wa kulia, na kama ni sinia moja kula upande wako. Usiende mikono mitupu, matunda yanatosha. Biriani ya Mombasa wali unakuja peke yake na masala yenye nyama na kitunguu cha kukaanga inakuja peke yake, unachanganya mwenyewe kidogo kidogo, usimwage yote juu mara moja.

Usiku tafuta kahawa. Old Town, ukitoka upande wa Fort Jesus ukaingia ndani ya vichochoro, kuna wauza kahawa wenye mabirika ya shaba juu ya makaa, vikombe vidogo, kahawa chungu yenye tangawizi, haina sukari kabisa. Utamu unatoka kwenye kashata, tende au halua unayokula pembeni. Wazee wanakaa pale barazani wanaongea siasa, mpira, habari za bandarini, na ukiingia na masalkheri yako wanakusogezea nafasi. Kiswahili nilichokisikia hapo ni kizuri mno, na mambo ya mji niliyoyapata hapo darasani kwetu hayakuwepo. Mwanafunzi wa kike anaweza kujisikia peke yake kwenye kundi la wazee wa kiume, wenzangu wa kike walikuwa wanaenda wawili watatu na mwenyeji na walipokelewa vizuri tu.

Wiki ya mwisho pita Marikiti, soko lenye viungo, chukua iliki, mdalasini, karafuu na bizari ya pilau, waombe wakusagie mbele yako au chukua nzima usage nyumbani, nzima inakaa muda mrefu zaidi. Halua nunua siku moja kabla ya safari sio wiki nzima kabla, na uliza ipi imepikwa karibuni. Mabuyu na achari ya embe vinastahimili safari ya treni mpaka Nairobi na basi mpaka Sirari, ila chupa ya achari ifunge mifuko miwili na iweke wima, mafuta yake yakivuja kwenye begi la nguo hayatoki.