Kibaba ni kilo ngapi? Kwanza uliza ni cha nini

Ndugu uliyeuliza, mama mkwe amekuambia upike vibaba viwili vya mchele nawe unatafuta kilo. Kibaba hupima ujazo, si uzito, kwa hiyo hakina kilo moja ya kudumu. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi.

Mimi nimelelewa na bibi Mikindani, kusini mwa Tanzania. Kibaba chake kilikuwa kopo la bati, halitoki ndani ya pipa la mchele. Alipofariki nililichukua, na siku moja nikalipeleka dukani kwenye mizani. Mchele ulikaribia gramu 700. Unga wa makopa, yaani mihogo mikavu, kopo lilelile, haukufika nusu kilo.

Halafu kuna jambo ambalo vijana wengi hawaliulizi: mfuto au tele? Mfuto ni ule uliopitishiwa kiganja juu ukawa sawa na mdomo wa kopo. Tele ni ule wenye kilele. Bibi akimkopesha jirani alipima tele, mpaka punje zinamwagika kwenye ungo. Jirani akija kulipa, bibi mwenyewe anafuta kwa kiganja na kinachozidi anamrudishia. Nilikuwa mtoto, nikaona anapunjika, nikamwambia. Akanijibu kwamba aliyekuja kukopa ana watoto wenye njaa, anayelipa ameshavuna.

Ndiyo maana huniuma nikiona mkulima wa huku kusini anadaiwa kilele kwenye lumbesa, gunia linalojazwa kupita mdomo wake, au korosho zake zinachotwa kwa bakuli la kangomba, ununuzi wa kienyeji usio rasmi, badala ya kupandishwa mizani. Kilele kile kile, ila sasa anatoa mwenye shida.

Zamani kibaba cha nafaka ndicho kilikuwa posho ya mpagazi kwa siku kwenye misafara ya kwenda bara, kwa hiyo kifikirie kama chakula cha mtu mzima kutwa nzima. Na pishi unaisikia kila Ramadhani inapokaribia kwisha: zaka ya fitri ni pishi moja kwa kila kichwa, ambayo wengi huikadiria kilo mbili na nusu hadi tatu.

Kwa mchele wako, anza na kilo moja na robo hivi ikiwa ni mfuto, karibu kilo moja na nusu ikiwa ni tele. Ila mwombe mama mkwe akuoneshe kopo lake, umwone anavyolijaza.