Mwavuli mlangoni: je, uliamini au ulijua?

SWALI: Mwalimu, ndiyo kwanza naanza kusoma falsafa. Kitabu changu kinasema maarifa ni imani ya kweli yenye sababu ya kutosha. Ukurasa unaofuata kinasema mwanafalsafa Edmund Gettier aliibomoa fasili hiyo mwaka 1963. Ina maana hatujui chochote?

JIBU: Hapana, hakusema hivyo, ingawa wanafunzi wapya wengi humsoma hivyo. Gettier hakukana kwamba tunajua mambo. Alichokihoji, tena kwa makala ya kurasa tatu tu, ni maelezo yetu ya kujua ni nini.

Kwanza neno lenyewe. Kwa Kiswahili unamjua mtu, unajua kuogelea, na unajua kwamba kesho ni Jumatano. Mjadala huu unahusu kujua kwa namna hiyo ya tatu tu. Masharti yake ni kwamba uamini jambo, liwe kweli, na uwe na sababu. Sharti la mwisho lipo ili kumtenga anayebahatisha, tatizo ambalo Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alishaliona kabla ya Kristo.

Sasa chukua hali hii. Unafika kazini, unaona mwavuli wa mwenzako umetundikwa mlangoni. Unajisemea, "Kumbe keshafika." Na kweli yumo ndani. Ila mwavuli ule aliusahau jana, na leo kaingilia mlango wa nyuma. Hesabu: unaamini yumo, yumo kweli, na sababu unayo. Masharti yote yametimia. Lakini ulikuwa unajua? Wengi wetu tunasita. Umepatia kwa bahati, na bahati ndiyo iliyokuwa inazuiwa.

Utashawishika kusema sababu ile haikutosha. Angalia hapo. Ukidai sababu isiyoweza kukosea kamwe, utabaki na vitu vichache mno vya kujua, na hofu uliyokuja nayo itakuwa imetimia, safari hii kwa mkono wako mwenyewe wala si wa Gettier.

Wengine waliongeza sharti la nne: imani isiegemee jambo la uongo, kama vile kwamba mwavuli umeletwa leo. Mimi kwa anayeanza napenda kipimo alichokitoa mwanafalsafa Robert Nozick mwaka 1981: lau jambo lisingekuwa kweli, ungeliamini bado? Lau mwenzako asingekuja kabisa, mwavuli ungekuwa palepale, nawe ungeamini vilevile. Basi hukujua. Kipimo hiki nacho kina wapinzani, na mpaka leo hakuna fasili iliyokubaliwa na wote.

Kwa hiyo usikariri masharti. Kila utakapokutana na sharti jipya kwenye kitabu chako, funga kitabu kidogo, ujaribu kulitungia mwavuli wake.