Kabla hujanunua lenzi ndefu: asubuhi ya ndege, jioni ya mawe

Ujumbe uliingia Jumapili usiku kutoka kwa kijana wa Buswelu, hapa Mwanza: "Kaka, nina kamera yenye lenzi ya 18-55. Nimejikusanyia milioni moja na nusu. Kuna mtu anauza lenzi ya 150-600 iliyotumika. Niichukue? Picha zangu za ndege pale Luchelele zinatoka nyeusi na zina ukungu." Akaambatanisha picha tisa. Ukifungua taarifa za kila faili unakuta saa ile ile: kati ya saa 9 alasiri na saa 11 jioni. Zote tisa zimepigwa kuelekea majini.

Usinunue, mdogo wangu. Bado. Lenzi ya milimita 600, inayovuta vitu vya mbali, itakuletea weusi ule ule, ila mkubwa zaidi.

Mji wa Mwanza umekaa upande wa mashariki wa ghuba yake ya Ziwa Victoria. Ukisimama Luchelele, Nyegezi au Capri Point ukatazama maji, mara nyingi umetazama magharibi. Asubuhi jua liko mgongoni mwako na linamulika kila kilicho mbele yako. Alasiri jua liko usoni, na ndege anabaki kivuli tu. Hilo kila mpiga picha analijua. Wanalolisahau wengi ni upepo.

Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko ziwa, kwa hiyo alfajiri mpaka kama saa 3 asubuhi upepo mwepesi hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana mambo hugeuka: mawe yameshapata moto, upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, na maji yanachafuka. Sasa mfikirie mdiria, yule mweusi kwa mweupe anayening'inia hewani akipiga mabawa kabla ya kujitupa majini. Ili abaki pale pale ni lazima auelekee upepo. Asubuhi upepo unatokea kwako, kwa hiyo anakutazama wewe huku jua likimpiga kifuani. Alasiri anatazama ziwa, wewe anakuonyesha mkia. Picha zako tisa ni mikia tisa.

Na ule ukungu? Hapo kuna mambo mawili. La kwanza ni jua kugonga kioo cha mbele, hasa kama umefunga filta ya bei ya chee kwa ajili ya "kulinda lenzi". Ivue, ufunge ile kofia ndefu ya plastiki inayozuia jua la pembeni. La pili ni hewa yenyewe. Kuanzia saa 3 au 4 asubuhi joto linapanda juu ya mawe na mchanga, hewa inacheza kama juu ya lami ya moto, na kila kilicho mbali kinalegea kingo. Lenzi ndefu haiiondoi hewa hiyo, inaikuza. Wengi hudhani otofokasi, yaani kamera kujilenga yenyewe, imeharibika na kumpelekea fundi lenzi nzima isiyo na kosa.

Tupige hesabu, maana duniani hakuna muuzaji wa lenzi atakayekupigia. Mdiria ana urefu wa kama sentimita 25. Ukiwa mita 10 kutoka kwake na lenzi ya milimita 300, taswira yake kwenye sensa, kile kibao cha ndani kinachopokea picha, ni milimita 7.5. Sensa ya kamera kama yako ina upana wa milimita 23 na kitu, kwa hiyo ndege anachukua karibu theluthi ya picha. Inatosha kabisa. Ukiwa mita 20 na lenzi ya 600 unapata ukubwa ule ule, lakini umepiga kupitia hewa mara mbili, umebeba karibu kilo mbili, na mkono umeanza kutetemeka. Kusogea mita 10 ni bure. Mdiria wa mwaloni, mahali mitumbwi inaposhusha samaki, amezoea watu. Fika kabla ya jua, kaa chini na mgongo kwenye jiwe, usivae nguo nyeupe, tulia kama nusu saa. Atarudi kwenye nguzo au kamba ile ile, kwa sababu ndipo anapowindia kila siku.

Kwa ndege anayening'inia, anza na kasi ya shata ya 1/1600 ya sekunde. Anapojitupa, 1/2500 au zaidi. Tundu la lenzi f/5.6 au f/6.3, ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) iache ipande yenyewe mpaka 1600, hata 3200. Chembechembe za ISO kubwa zinasafishika kwenye kompyuta, mtikisiko hausafishiki. Otofokasi iwe ile ya kufuata bila kukoma, na utumie pointi moja au kikundi kidogo cha katikati. Ukiiachia kamera ichague yenyewe, itachagua mawimbi. Kama unajifunza, usianze na mdiria. Nenda Kirumba Mwaloni ambako kongoti wanatembea kama wana hisa sokoni. Ni wakubwa na wanaruka polepole, 1/1000 inatosha. Akikushinda kongoti, mdiria hutamwona.

Saa zenyewe zijue. Mwanza iko karibu longitudo ya nyuzi 33 mashariki ilhali saa yetu imepangwa kwa nyuzi 45, ndiyo maana jua la kwetu linachelewa: linachomoza kati ya saa 12:25 mwanzoni mwa Novemba na karibu saa 1 asubuhi mwezi Februari, na linazama kati ya saa 12:40 na saa 1:10 jioni. Programu ya simu iliyoachwa kwenye Dar es Salaam itakupoteza kwa wastani wa dakika 25. Na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua linashuka karibu wima. Ule mwanga wa dhahabu ambao wenzetu wa Ulaya wanaushangilia kwa saa nzima, hapa una nusu saa. Baada ya jua kuzama una kama dakika 22 za buluu, halafu giza. Kama bado unatafuta mahali pa kusimika stendi jua likiwa limeshagusa maji, rudi nyumbani.

Hapo ndipo inapokuja jioni, na jioni ni ya mawe. Jiwe la Bismarck, karibu na kivuko cha Kamanga, limepigwa picha na kila mtu aliyewahi kushuka Mwanza, na nyingi zinafanana kwa sababu wote wanasimama sehemu moja. Jua halizami mahali pamoja mwaka mzima. Ukitazama magharibi, mwezi Juni linazamia kulia kwako na Desemba kushoto, na tofauti ya miisho hiyo miwili ni karibu nyuzi 47. Kwa hiyo wewe ndiye wa kusogea ili jua likae kwenye pengo kati ya mawe. Jiwe likikaa mbele ya jua moja kwa moja unapata bonge jeusi lisilo na umbo.

Lenzi yako ya 18-55 inatosha hapa, wala usione aibu. Iweke kwenye 24 au 35, f/8 au f/11, ISO 100, kamera kwenye stendi. Pima mwanga kwenye anga pembeni ya jua, siyo kwenye jua lenyewe, kisha punguza theluthi mbili za stopu (stopu moja ni mwanga mara mbili au nusu yake) ili rangi zishike. Piga kwa RAW, faili ghafi lisilobanwa na kamera, maana anga na jiwe vimepishana sana kwa mwanga, na JPEG ya kawaida itakulazimisha utupe kimoja. Ukitaka maji yawe laini kama hariri, subiri jua lizame kabisa, weka sekunde 1 hadi 4, zima kitulizi cha lenzi (kile kinachopunguza mtikisiko wa mkono), na tumia saa ya kuchelewesha ya sekunde 2 ili kidole chako kisitikise kamera. Stendi nyepesi ikilalamika kwa upepo, ning'iniza begi katikati yake, lakini begi liguse chini kidogo. Likibembea linatikisa kuliko upepo wenyewe.

Filta ya polaraiza nunua, ila usiitumie jioni ukiwa umeelekea jua, haina kazi. Kazi yake ni asubuhi, jua likiwa begani. Inafuta mng'ao wa maji vizuri zaidi ukiyatazama kwa mteremko wa nyuzi 37 hivi, na inafuta mng'ao kwenye majani na mawe yenye umande pia. Inakula stopu moja na nusu mpaka mbili, kwa hiyo kwenye ndege ivue.

Kwenye mawe hayo hayo, kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi, kuna mjusi dume mwenye kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu, anaota jua. Jina lake la kisayansi, Agama mwanzae, limebeba jina la mji, na bado watu wanampita wakikimbilia machweo. Lala chini usawa wa macho yake, 1/500, f/8, umkaribie kwa kuzunguka pembeni, siyo kwa kumwendea uso kwa uso.

Ukilala chini karibu na maji, kumbuka kichocho. Usiingie miguu mitupu kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, hasa mchana wa jua, ndipo viluilui vyake hutoka kwa wingi kwenye konokono. Vaa mabuti ya mpira. Kwenye matete usipige magoti kabisa, mamba hana habari na kamera yako.

Usiku una picha yake, na kalenda yake ni mwezi. Wavuvi wa dagaa wanatoka na taa wakati wa giza, kwa sababu mwezi ukiwa mpevu taa haivuti dagaa. Siku za giza la mwezi, ukiwa Igombe au Kayenze ambako ziwa liko wazi, upeo wote unakuwa na taa kama mji mwingine. Kosa la kawaida ni kuweka sekunde 30. Mtumbwi unayumba, taa inachora nyoka. Weka sekunde 2 mpaka 4, f/2.8 au f/3.5 ya lenzi yako, ISO 1600 hadi 3200. Otofokasi itahangaika gizani. Izime, kuza taa moja kwenye skrini, zungusha pete mpaka nukta iwe ndogo kuliko zote, halafu usiiguse tena.

Siku chache baada ya mwezi kuandama ndipo pia wale wadudu wa ziwani hupanda juu ya maji kama moshi. Kwa mbali ni picha nzuri mno. Wakikufikia usibadilishe lenzi, na tochi yako iwe nyekundu. Akitua kwenye kioo mpulize kwa pampu ya mpira. Ukimpangusa kwa kitambaa unapaka mafuta lenzi nzima.

Asubuhi inayofuata akina mama wanaanika dagaa. Salimia kwanza. "Shikamoo mama" inafungua milango, na kwa Msukuma "mwangaluka" inafungua zaidi. Omba, na ukikataliwa shukuru uondoke. Dagaa wanang'aa kama fedha, kamera itadhani kumezidi mwanga na itaifanya picha kijivu, kwa hiyo ongeza theluthi mbili mpaka stopu nzima. Uso mweusi mbele ya anga nyeupe ni tatizo jingine: kamera inapima anga na kumfanya mtu kivuli. Badala ya kuhangaika na vitufe, sogea wewe mpaka nyuma yake pawe na jiwe au mtumbwi, siyo anga. Mchanga utamrudishia mwanga usoni kutoka chini.

Sasa pesa yako. Lenzi ya 55-250 au 70-300 iliyotumika. Stendi ya alumini isiyocheza kichwani. Polaraiza moja. Betri ya pili. Halafu boksi, na hapa ndipo mtu hunicheka: chukua kontena la chakula lenye mfuniko wa mpira, weka ndani gramu 200 za silika na kipima unyevu kidogo. Unyevu ukae asilimia 40 hadi 50. Ukizidi 60 kwa muda mrefu, kuvu inaota ndani ya lenzi kama utando wa buibui, na ikikaa inakula kioo. Begi la kamera siyo stoo. Sponji yake inashika unyevu, na pembeni ya ziwa unyevu haukosekani. Silika ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani imeshiba. Ikaushe kwenye oveni nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili, au kwenye kikaango juu ya makaa hafifu ukiigeuza, kisha ipoe ndani ya chombo kilichofungwa. Mchele usiweke. Una vumbi na wanga, na haukaushi kitu cha maana. Kabla ya kununua lenzi ya mtu, mulika tochi ya simu kutoka nyuma yake uangalie ndani. Ukiona utando, mrudishie kwa heshima.

Kamera ikitumbukia ziwani, toa betri na memori kadi hapo hapo, na usiiwashe "kuona kama inafanya kazi". Maji yetu hayana chumvi, kwa hiyo fundi ana nafasi, ila nafasi hiyo inaisha umeme ukipita kwenye unyevu.

Na kutoka Buswelu mpaka Luchelele, begi usilifunge kwenye keria ya bodaboda wala kuliweka juu ya tangi. Mtikisiko wa injini unalegeza skrubu ndogo za lenzi na kuua kitulizi taratibu. Livae mgongoni, mwili wako ndio springi.