Indiketa za LED zinawaka haraka haraka kwenye Probox

Mkuu, kama nimekuelewa, indiketa zimeanza kuwaka haraka haraka baada ya kuweka LED, na sasa unataka kubadili taa kubwa pia. Indiketa si mbovu. Balbu ya kawaida hula wati 21, LED hula kidogo sana, hivyo flasha (kifaa kinachowasha na kuzima indiketa) inadhani balbu imeungua. Nunua flasha ya LED. Resista (kipande kinachoongeza umeme unaoliwa ili flasha ione kama balbu ya kawaida) nayo inasaidia, ila hupata moto mkali. Usiifunge kwenye plastiki.

Taa kubwa ningeziacha. Rifleka (sehemu ya ndani ya taa inayoelekeza mwanga) ya balbu aina ya H4 ilitengenezwa kwa halojeni, yaani balbu ya kawaida ya waya. LED nyingi humo hutawanya mwanga na kumpofusha anayekuja. Kwanza ng'arisha vioo vya mbele vya taa kama vimegeuka njano. Ukishikilia kubadili, fundi umeme akurekebishie mwelekeo wa mwanga.